Mtoto Anapovuka Lango la Gredi ya Kwanza: Ustawi wa Wanafunzi wa Kathonzweni kati ya Kaunti na Wizara

Walimu wakuu, walimu wa chekechea, wahudumu wa afya na wazazi mnaohudumu katika bodi za shule: tunapojadili mageuzi ya shule, mazungumzo huanzia aghalabu kwenye kinachokosekana, yaani madarasa, walimu na fedha. Upungufu huo ni wa kweli na sitaupuuza. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachohitajika kumtunza mtoto mwenye njaa, asiyeona ubaoni, asiyesikia vizuri au aliyechelewa kusema tayari ipo hapa kwetu Kathonzweni, Makueni, ila haifuatani naye. Akiwa na miaka mitano anajulikana. Akifika sita anaanza upya kama mgeni. Pengo hilo ndilo ninalolitaja kuwa mahali pa kuanzia.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na papo hapo kinataja lishe, makao na huduma ya afya. Katiba hiyo inamwona mtoto kuwa mmoja. Lakini Jedwali la Nne, linalogawa majukumu, liliipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na zahanati na vituo vya afya, na likaiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na sekondari. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mtumishi wa umma anayemhudumia mtoto mdogo ni wa kaunti: mwalimu wake wa chekechea, muuguzi aliyemchanja, afisa wa afya ya umma. Akiingia Gredi ya Kwanza anakabidhiwa mwalimu wa Tume ya Huduma za Walimu. Mara nyingi darasa la chekechea na la Gredi ya Kwanza yako katika uwanja mmoja, chini ya mti mmoja, lakini walimu wake wana waajiri wawili, wakaguzi wawili na rejista mbili. Kitabu cha afya ya mama na mtoto, chenye rekodi za ukuaji tangu kuzaliwa, kinabaki nyumbani. Alichokigundua mwalimu wa chekechea kwa miaka miwili kinabaki kichwani mwake.

Kinachopotea hapo hurudi darasani kwa jina jingine. Asiyeona ubaoni hunakili kwa jirani, akaitwa mdanganyifu. Asiyesikia huitwa mkaidi. Aliyekuja bila kula husinzia, naye huitwa mvivu. Aliyelelewa kwa Kikamba, akiulizwa kwa Kiingereza, hunyamaza, na kimya chake huchukuliwa kuwa uzito wa akili, ingawa tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976 imependekezwa kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya mtoto. Fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Ninaamini marufuku hayo yanaendelea kukiukwa kwa sababu, pamoja na mengine, mwalimu aliondolewa fimbo bila kupewa njia ya kujua kwa nini mtoto ana tabia ile. Anayeona ukaidi ataadhibu. Anayejua kwamba sikio la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu chekechea atamhamishia mtoto kiti cha mbele.

Njaa inastahili kuzungumzwa peke yake, maana huku ukame huingia darasani. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani, na kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli katika maeneo kame ya Pembe ya Afrika. Chakula cha shuleni kilianza kuhama kutoka mikononi mwa Mpango wa Chakula Duniani kwenda kwa serikali mwaka 2009, ulipoanzishwa mpango wa kununua mazao ya humu nchini, na uhamisho huo ukakamilika 2018. Mwelekeo huo unafaa sana hapa: ndengu, mbaazi na mtama hustahimili ardhi yetu, na shule inayonunua kwa mkulima jirani humlisha mtoto mara mbili, shuleni na nyumbani. Lakini sufuria ya muthokoi wa mahindi ina hatari tunayoijua kwa machungu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Makueni na Kitui. Anayepaswa kukagua ghala la shule ni afisa wa afya wa kaunti, ilhali sufuria ni ya shule ya wizara. Pengo lilelile linajitokeza tena, na safari hii linaweza kuua.

Ninalopendekeza ni faili moja ya kila mtoto, inayofunguliwa chekechea na kukabidhiwa mwalimu wa Gredi ya Kwanza mkono kwa mkono kabla ya shule kufunguliwa Januari, mbele ya mzazi. Ndani yake iwemo nakala ya kitabu cha afya, matokeo ya kupimwa macho na masikio, lugha ya nyumbani, umbali anaotembea na hali ya chakula. Anayehitaji uchunguzi wa kina apelekwe kwenye kituo cha utathmini wa elimu. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, lakini husubiri mzazi mwenye nauli na habari.

Wapo watakaosema wizara za elimu na afya hazifanyi kazi pamoja. Zimefanya. Tangu 2012, katika maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani, walimu wamekuwa wakiwapa wanafunzi dawa za minyoo wakisaidiana na wahudumu wa afya, na mamilioni ya watoto wamefikiwa. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba dawa hizo zilipunguza utoro kwa takriban robo. Uchambuzi mpya wa 2015 ulipinga ukubwa wa baadhi ya matokeo hayo, na haifai kuuficha. Lakini uwezo wa mwalimu na muuguzi kushirikiana katika siku moja shuleni haukutiliwa shaka.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi. Shilingi 1,420 ambazo serikali hukadiria kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haziwezi kununua miwani. Lakini kadi ya kupimia macho hutumika miaka mingi, na wahamasishaji wa afya ya jamii waliosambazwa nchini mwaka 2023 tayari huzunguka nyumba kwa nyumba. Makueni yenyewe ilithubutu mwaka 2016 kuanzisha mpango wa matibabu uliotoza kaya shilingi 500 kwa mwaka. Kaunti iliyoweza hilo inaweza kupanga siku moja ya kupima watoto wa kila kata.

Mwalimu atauliza muda utatoka wapi, na ana haki. Mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye pia angesoma faili hizi, leo hufanya kazi yake ya unasihi juu ya vipindi vyake vyote. Ripoti ya 2001 ya jopo la Naomi Wangai kuhusu nidhamu shuleni ilisisitiza unasihi, mwaka uleule ambao wavulana 67 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Kyanguli, kwa jirani zetu Machakos. Unasihi bila kupunguziwa vipindi ni cheo tu. Bodi na mwalimu mkuu wanaweza kumpunguzia vipindi kadhaa kwa wiki bila kusubiri Nairobi.

Linabaki pingamizi la wazazi, nami nalichukulia kwa uzito kuliko yote: kwamba faili itakuwa alama ya aibu, mtoto aitwe mgonjwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo isomwe na mwalimu wa darasa na mnasihi peke yao, ifungiwe kabatini kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka, na mzazi awe na haki ya kuiona na kuisahihisha. Iandike anachohitaji mtoto, kama vile kiti cha mbele, sauti ya juu au muda zaidi wa kuandika, wala isiandike jina la ulemavu pale ambapo hakuna mtaalamu aliyelithibitisha.