Kura Mbili za Waswisi Juu ya Wageni Wahalifu



Swali tulilopewa leo ni hili: mgeni akihukumiwa kwa kosa, je, afukuzwe nchini? Ukiuliza sokoni, jibu huja upesi: "Afukuzwe!" Hatushangai. Mwenye nyumba ana haki ya kumtoa mgeni anayemwibia. Lakini yafaa tutazame nchi moja ambayo raia wake waliulizwa swali hili kwa kura, tena mara mbili. Nchi hiyo ni Uswisi.

Huko Uswisi raia 100,000 wakitia sahihi zao, waweza kudai Katiba ibadilishwe kwa kura ya nchi nzima. Chama kiitwacho SVP kiliishika njia hiyo. Mwaka 2007 kilibandika picha ya kondoo weupe wamesimama juu ya bendera ya nchi, na mmoja wao anampiga teke kondoo mweusi atoke. Sisi hatuhitaji mkalimani wa picha ile. Tarehe 28 Novemba, 2010, watu 52.9 katika kila mia ya waliopiga kura walikubali kwamba mgeni aliyehukumiwa kwa kuua, kunajisi, kunyang'anya, au hata kujipatia fedha za msaada wa serikali kwa udanganyifu, afukuzwe.

Watu walikuwa wamesema. Lakini Bunge lilipokuwa bado linatunga sheria, chama kile kilianza kukusanya sahihi kwa ajili ya swali la pili, kali zaidi. Safari hii makosa yaliyotajwa yalikuwa mengi zaidi. Aliyekwisha kuhukumiwa katika miaka 10 iliyopita angeweza kufukuzwa hata kwa ugomvi wa ngumi. Na hakimu asingekuwa na nafasi ya kupima hali ya mtu.

Hapo Waswisi wengi wakaanza kuuliza: huyu mgeni ni nani hasa? Maana kule uraia hufuata damu ya wazazi, si mahali pa kuzaliwa. Zaidi ya robo ya wakaaji wa nchi si raia. Wamo watoto na wajukuu wa vibarua waliotoka Italia na kwingineko kujenga barabara na majumba ya Uswisi. Mtu aweza kuzaliwa pale, kusoma pale, asijue lugha ya nchi ya babu yake, na bado akaandikwa mgeni. Huyo akifukuzwa, anarudishwa wapi?

Tarehe 28 Februari, 2016, waliokwenda kupiga kura walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na 58.9 katika kila mia wakakataa. Sheria ya Bunge ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule. Mgeni aliyetenda kosa kubwa hufukuzwa kwa miaka 5 hadi 15. Lakini mara chache, ikiwa mateso yatapita kiasi, hakimu aweza kumwacha, hasa aliyezaliwa au kukulia pale.

Ndugu zangu, wako watakaosema Waswisi ni vigeugeu. Sisi twasema sivyo. Mara ya kwanza waliulizwa juu ya mhalifu. Mara ya pili walitakiwa pia kumnyang'anya hakimu mizani yake, wakakataa. Wala hawakumtetea mwizi.

Methali yetu yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali nzuri kwa tenga la samaki. Kwa watu ni hatari.

Basi mtu akisimama katika tawi lenu akasema, "Watu wanataka wageni wahalifu wafukuzwe," msimzomee, wala msimpigie makofi upesi. Mwulizeni: Kwa kosa gani? Mgeni yupi? Na nani atakayempima? Akishajibu yote matatu, ndipo mnyoshe mikono.