Mwembe Uliopo Unafanya Kazi Mchana Huu



Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa wetu wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na kila familia ilihitaji paa. Siwalaumu. Naomba tutazame tulichoondoa ili mapaa hayo yakae: mikorosho, minazi, mabonde yenye majani. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na kila lita moja inayogeuka mvuke huchukua joto linalolingana na theluthi mbili za uniti ya umeme. Mti mkubwa ukitoa lita 100 kwa siku, umeondoa joto la uniti zaidi ya 60 bila senti moja ya Luku. Ukikatwa, na ua ukamwagwa zege, joto la jua huzama ukutani na kwenye lami, kisha hutoka usiku, wakati watoto wameshuka kitandani kutafuta ubaridi wa sakafu.

Wapo wanaosema dunia nzima inapata joto, sisi tutafanya nini? Ni kweli inapata. Lakini jua la msituni Kisarawe ndilo la mtaani Kariakoo, na tofauti kati ya msitu na mtaa wa zege tumeitengeneza wenyewe kwa namna tunavyogawa ardhi. Wapo pia wanaotegemea kiyoyozi; nacho hulitoa joto chumbani na kulimwaga dirishani kwa jirani asiye nacho. Hoja nzito ni kwamba watu wanahitaji viwanja, na jibu lake ni kujenga kwenda juu badala ya kuendelea kutambaa kuelekea Pugu. Hata hivyo, msitu wa Pugu peke yake hauwezi kuipoza Kariakoo, maana ubaridi wa msitu haufiki mbali. Miti inatakiwa mtaani, penye mama lishe na vijiwe vya bodaboda.

Mche wa leo utachukua miaka kutoa kivuli; mwembe uliopo unafanya kazi mchana huu. Kwa hiyo nawaomba madiwani: kabla ramani ya mtaa haijapitishwa, miti iliyosimama ichorwe kwanza, barabara ipite pembeni. Nanyi wenye nyumba, acheni hatua mbili za udongo mbele ya kibaraza.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba upandaji miti umezinduliwa rasmi.