KODI YA NYUMBA NA MITA TATU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Temeke)



Nimeombwa niseme juu ya kuipinga kodi ya nyumba, nami nimekubali kwa kuwa ninayo habari ya aibu yangu mwenyewe katika jambo hili.

Wazee wetu waliojenga Kinondoni na Temeke walijua kupinga thamani. Sheria ya mwaka 1983 ilitaka nyumba za mijini zithaminiwe, daftari lake liwekwe wazi watu walitazame, na asiyeridhika apeleke pingamizi lake barazani. Huko mtu aliweza kusema: nyumba yangu ni ya vyumba sita na bati kuukuu, mbona imeandikwa kama ya Oysterbay? Lakini mwaka 2018 viliwekwa viwango vya namna moja, nyumba ya kawaida Shs. 10,000 kwa mwaka. Agosti 2021 kodi ikaanza kukatwa katika LUKU, Shs. 1,000 kila mwezi, na Shs. 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Bati kuukuu na bati jipya yakawa sawasawa.

Basi wengi hudhani hapana tena la kupinga. La, mabwana. Lililobaki ni kuuliza: nyumba ni moja au mbili, mita ni ngapi, mwenyewe ni nani na umri wake ni miaka mingapi. Hizo ni kazi za karani, na karani mimi nilizipuuza.

Nyumba aliyoniachia marehemu baba yangu Tandika ina mita tatu: yangu, na za wapangaji wawili. Kodi ikakatwa katika zote tatu, hali nyumba ni moja. Niliona, nikanyamaza, maana mbili hazikutoka mfukoni mwangu. Siku moja, Januari 2024, mpangaji wangu auzaye vitumbua alinijia na karatasi ya umeme mkononi. Akasema, “Baba mwenye nyumba, naomba unisomee. Hii elfu na mia tano ni ya nyumba yako au ya vitumbua vyangu?”

Sikuwa na jibu. Sheria yamdai mwenye nyumba, wala si mpangaji. Usiku ule nilipiga hesabu. Yeye aliingia Julai 2023: miezi 7, Shs. 10,500. Mwenzake alikuwako tangu Agosti 2021: miezi 23 kwa 1,000, na 7 kwa 1,500, jumla Shs. 33,500. Nikawalipa wote wawili, Shs. 44,000, na mke wangu hakufurahi hata kidogo.

Kisha nikaenda ofisini kwa Mamlaka ya Mapato na namba za mita zote tatu, hati ya nyumba na kitambulisho, nikaeleza kwa maandishi kwamba nyumba ni moja na kodi ikatwe katika mita yangu tu. Zilizokwisha kukatwa sikuzidai. Kosa la kunyamaza lilikuwa langu.

Kadhalika wako wazee. Aliyetimiza miaka 60 husamehewa kodi ya nyumba moja aishiyo mwenyewe, walakini mashine ya umeme haijui umri wa mtu, sharti aombe. Mabwana, ni wangapi kati yetu tuna baba na mama Mbagala au Mwananyamala ambao hatujawaandikia ombi hilo?

Na mtu akipewa uamuzi wa kodi asioridhika nao, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yampa siku 30 kuandika pingamizi. Mbele yake iko Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani. Siku 30 hupita upesi, nanyi mwajua jinsi barua zilalavyo katika faili. Itieni tarehe, mwombe nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.

Nakala ya barua yangu nimempa Bwana Katibu. Atakaye kuinakili na ainakili, ila abadili namba za mita.