Chembe Isiyo Punje: Istilahi ya Maada Isiyoonekana



Kanuni za kuunda istilahi tunazifahamu sote. Leo nitazipima kwa dhana moja tu, nayo ni ngumu.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, akichunguza kundi la galaksi la Coma, alibaini kwamba galaksi hizo huenda kasi mno kuweza kushikiliwa na uvutano wa maada inayoonekana peke yake. Maada iliyokosekana aliiita, kwa Kijerumani, dunkle Materie. Kiingereza kikaifasiri, nasi tukafasiri Kiingereza, tukapata "maada ya giza". Tafsiri hiyo sisisi ina kasoro. Giza huficha kilichomo ndani yake. Maada hii haifichi kitu, kwani nuru huipenya bila kuzuiwa, ingawa uvutano wake huipinda. "Maada angavu" ingekaribia, lakini angavu ni pia chenye kung'aa, na maada hii haing'ai kamwe. Nachagua "maada isiyoonekana". Ni ndefu, lakini haipotoshi.

Neno linalonisumbua zaidi ni "chembe". Mwaka 2000 Wayne Hu, Rennan Barkana na Andrei Gruzinov walitoa hoja kwamba huenda maada hii ni chembe nyepesi kupita kiasi, zenye tungamo la elektronivolti 10⁻²² hivi. Elektroni, tunayoiona nyepesi, ina 511,000. Kwa kanuni aliyoitoa Louis de Broglie mwaka 1924, tungamo na kasi vikipungua, urefu wa wimbi huongezeka. Katika galaksi ndogo, wimbi la chembe hizi hufikia maelfu ya miaka ya nuru. Mswahili asikiapo "chembe" huwaza mchanga au mtama, yaani kitu chenye mahali pake. Hapa hakuna punje. Mawimbi yameingiliana, wala hayawezi kurundikana katika eneo dogo kuliko urefu wake. Ndiyo sababu nadharia hutabiri kwamba vitovu vya galaksi vitakuwa na msongamano laini, na galaksi ndogo sana zitakuwa chache.

Utabiri huo wapimika. Uchunguzi wa hidrojeni iliyo baina ya galaksi, uliochapishwa 2017 na tena 2021, umeonyesha kwamba tungamo la 10⁻²² haliafikiani na vipimo, iwapo chembe hizo ndizo maada yote isiyoonekana. Zilizo nzito zaidi zingali zikijadiliwa.

Mwanafunzi aliyekaririshwa "chembe" hataelewa ni kwa nini hidrojeni ya mbali hivyo iitwe kutoa ushahidi. Napendekeza basi "maada-wimbi", na "chembe" tuiachie elektroni na wenzake, ijapokuwa wanafizikia waliomo ukumbini watanikumbusha kwamba nayo ni wimbi.