Ukuaji Kwanza: Mpangilio wa Somo la Uchumi Jumla Chuoni

Mada hii inatetea jambo moja: mwanafunzi wa uchumi jumla katika vyuo vyetu aanze na ukuaji wa muda mrefu, tena aanzie kwenye takwimu za nchi yake kabla ya kupewa mlinganyo wowote. Nusu ya kwanza ya hoja si ngeni. Mwanauchumi Gregory Mankiw aliutanguliza ukuaji katika kitabu chake cha kiada zamani. Nusu ya pili ndiyo yenye ubishi. Tuichukue Tanzania, ambako mwanafunzi husikia kwamba uchumi umekua kwa asilimia 6, akainakili ilivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ya 2022 milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi ya asilimia 6, Pato la Taifa huongezeka maradufu kwa takribani miaka 12. Pato la kila mtu, likibakiwa na asilimia 2.8 hivi, hungoja miaka 25. Anayeijua hesabu hiyo hashangai sana kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulitoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 ukafika 26.4 tu mwaka 2017/18. Idadi ya watu haielezi yote, lakini inamlazimisha aulize swali linalofuata: ukuaji huo ulitokea katika sekta ipi, wakati wafanyakazi wengi wamo katika kilimo kinachochangia kama robo tu ya pato?

Wapo watakaosema takwimu zetu ni legelege mno kubeba somo zima. Ni kweli zina mashaka, na hapo ndipo penye faida. Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilihamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato, kutoka 2001 kwenda 2007, na ukubwa wa uchumi ukapanda kwa zaidi ya robo. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri; kilichobadilika ni kipimo. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayetafuta chanzo cha ukuaji: mwanauchumi Robert Solow, mwaka 1957, aliyapa mabadiliko ya kiufundi sehemu ya ukuaji isiyoelezwa na mtaji wala nguvukazi. Mwanafunzi akiunga kizembe mfululizo wa zamani na mpya, atapata ruko ambalo halikutokea shambani wala kiwandani, kisha ataliita teknolojia.

Pingamizi zito zaidi ni la waajiri: Benki Kuu, iliyoanza Januari 2024 kuendesha sera kwa riba, ikianza na asilimia 5.5, inahitaji vijana wanaoelewa mfumuko wa bei leo, si miaka 25 ijayo. Nakubali mahitaji hayo, na sipendekezi mada za riba na mfumuko wa bei zifutwe. Lakini anayepanga riba hujiuliza kama uchumi unakwenda kasi kuliko uwezo wake, na uwezo huo hukadiriwa kutokana na mtaji, nguvukazi na ufanisi, yaani sura zilezile ambazo mitaala mingi huziacha wiki za mwisho, mitihani ikiwa imekaribia.