Kinywa cha Mtoto Asiyestahimili Mswaki

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri yenu imenipa nafasi niseme maneno machache baada ya kusomwa hesabu. Kila mwaka mimi karani wenu husimama hapa nikawasomea fedha zilizoingia na zilizotoka: kiasi gani kilikwenda kwa mazishi, kiasi gani kwa wagonjwa, na kiasi gani kwa karo za yatima. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo halimo katika daftari letu hata kwa mstari mmoja, nalo ni meno ya watoto. Hasa wale watoto ambao hawawezi kabisa kustahimili mswaki kinywani. Najua wako watakaocheka moyoni, waseme, karani leo amekosa la kusema. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Yafaa nianze na makosa yangu mwenyewe. Nyumbani kwetu, katika Mji wa Kale, anakaa mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka tisa. Tangu utotoni alikuwa akiona mswaki hukimbilia chini ya kitanda. Dawa ya meno ikimgusa ulimi hutapika. Sisi wakubwa tuliona kuwa huo ni ukaidi, nasi tukakumbuka methali ya wazee wetu, Samaki mkunje angali mbichi. Basi kwa muda mrefu kila usiku nilikuwa nikimbana kichwa katikati ya magoti yangu, mama yake akimshika mikono, nami nikimsugua meno huku akilia. Usiku mmoja aliniuma kidole mpaka damu ikatoka, nami nikampiga. Ndugu zangu, sisemi haya kwa fahari.

Alipotimiza miaka sita alioza meno mawili ya nyuma. Tulimpeleka mahali pa kutibiwa meno, na huko alishikwa na watu wanne hata likang'olewa moja. La pili halikuwezekana. Tangu siku hiyo hakukataa mswaki tu, bali alikataa hata kikombe asichokijua na kijiko kisicho chake. Mjomba aliyekuwa akimkimbilia jioni akaja kuwa mtu wa kuogopwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nguvu zetu hazikumfunza usafi, zilimfunza hofu.

Sasa nitawauliza swali, wazee wangu. Sote twalijua soko letu la Marikiti, lililojengwa mwaka wa 1914 na kupewa jina la Mackinnon. Mimi hupita pale kila asubuhi niendapo kazini. Pilipili inasagwa, bizari inachomoza puani, wachukuzi wanapiga kelele watu wapishe mikokoteni, na magari yanapiga honi katika barabara ya Digo. Mimi na ninyi twapita pale tukizungumza, wala hatusikii kitu. Lakini mpwa wangu akifika kwenye mlango wa soko huziba masikio kwa viganja viwili, akafumba macho. Sauti ni zile zile na harufu ni zile zile. Tofauti imo katika mwili unaozipokea. Kwake yeye, yale yaliyo madogo kwetu ni makubwa mno. Basi ikiwa soko zima laweza kumzidi akiwa nje yake, mwafikirije kitu chenye nywele ngumu, chenye povu na ladha kali ya nanaa, kinachoingizwa ndani ya kinywa chake? Wazee walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza. Bibi mmoja wa Marekani, A. Jean Ayres, aliyekuwa fundi wa kuwasaidia watoto wenye taabu za mwili na akili, aliandika kitabu mwaka wa 1972 akieleza jinsi ubongo unavyopokea na kupanga habari za mguso, sauti, mwendo na kadhalika, na jinsi watoto wengine wanavyopata taabu katika kupanga huko. Mwaka wa 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika katika mwongozo wake kwamba kuhisi kupita kiasi, au kutohisi vya kutosha, ni mojawapo ya dalili za hali iitwayo usonji. Lakini si kila mtoto anayechukia mswaki ana usonji, wala si kila mwenye usonji huchukia mswaki. Tusikimbilie kumpa mtoto jina. Aidha tusikimbilie kusema ana pepo, au kwamba mama yake amemdekeza.

Yatupasa kujua pia kwamba wako watoto wa namna ya pili. Hawa hawasikii maumivu kama wengine, au hawana maneno ya kuyaeleza. Jino laweza kuoza mpaka usaha ukatunga, na mtoto asiseme neno. Utaona tu amekataa chakula, au anatafuna upande mmoja, au hapati usingizi, au anajipiga shavu. Mzazi akiona mabadiliko kama hayo na aangalie kinywa kwanza, kabla ya kutafuta sababu za mbali.

Sasa nieleze namna mambo yalivyotugeukia. Hatukuanza kwa daktari wala kwa kitabu. Nyanya yake, yaani mama yetu, huketi mlangoni kila alfajiri akitafuna mswaki wa mti, kama walivyofanya mama zake. Siku moja tuliona mtoto ameketi kando yake, ana kijiti kinywani. Hakuna aliyemwambia. Kijiti kile hakina povu, hakina nanaa, na mkono unaokishika ni wake mwenyewe. Akiona kinamuuma hukitoa, akitaka hukirudisha. Nyanya yake hakumsifu wala hakumwita mtu aje kuona. Aliendelea kutafuna wake.

Mswaki huo si jambo la ushamba. Ndugu zetu Waislamu wanaujua kuwa ni suna, na Shirika la Afya Duniani liliukubali tangu mwaka wa 1986 kuwa chombo kifaacho cha kusafisha meno mahali unapotumika. Hata hivyo haifai nikawadanganya. Kijiti hakifiki vizuri upande wa ndani wa meno ya nyuma. Kikiwa kigumu huumiza ufizi. Na mtoto asikimbie wala kutembea nacho kinywani. Ncha iliyochakaa ikatwe, na mpya itafunwe. Kwetu sisi kijiti kilikuwa mlango wa kuingilia, si nyumba yenyewe.

Kutoka hapo tulikwenda hatua kwa hatua, na hatua zenyewe ni hizi. Kwanza tuliacha kumshika. Pili tulichagua saa moja ile ile na mahali pamoja pale pale, kwa maana mtoto huyu hutulia akijua kinachokuja. Tatu tulianza nje ya kinywa: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu shavuni, kisha midomoni, kisha kwenye meno ya mbele. Mguso uwe imara, kwa kuwa mguso mwepesi humwasha na kumtisha mtoto wa namna hii kuliko mguso thabiti. Nne tulihesabu kwa sauti, moja mpaka tano, na tulipofika tano tuliacha, hata kama kazi haijakwisha. Ahadi hiyo hatukuivunja hata siku moja. Baada ya majuma mengi tano ikawa kumi, na kumi ikawa ishirini. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano ni juu ya dawa ya meno. Wengi wetu hudhani kuwa pasipo povu hapana usafi. Sivyo. Povu ni la kiungo kilichotiwa humo. Kinachokinga jino ni madini ya floraidi. Ziko dawa zisizo na povu, na ziko zisizo na ladha kali, ingawa yataka kuzitafuta. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu yatosha kiasi cha punje ya mchele. Kwa wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Mtoto akikataa kabisa, basi apakwe kidogo kwa kitambaa. Akimaliza ateme, wala si lazima asukutue kwa maji mengi, maana maji huiondoa ile floraidi. Na mswaki wa dukani uwe mdogo, wenye nywele laini.

Sita ni juu ya sukari. Maadamu kusugua ni kugumu, tupunguze kazi ya kusugua. Ubuyu, kashata, peremende na chai yenye sukari nyingi huozesha meno zaidi vinapoliwa mara kwa mara kutwa nzima. Mtoto apewe kitu kitamu pamoja na chakula, kisha anywe maji. Na jino likiuma, tusimtie karafuu mtoto mwenye kinywa kama hiki. Mafuta ya karafuu hutuliza kidogo, lakini huchoma, wala hayaponyi uozo.

Nije sasa kwa daktari wa meno, maana hofu kubwa iko huko. Taa kali machoni, harufu ya dawa, mikono ya mgeni, na juu ya yote mlio wa ile mashine ya kutoboa. Hapa nina habari njema, na habari hiyo ilianzia katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutengeneza meno yaliyooza bila mashine. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha wakaziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino. Walifanya hivyo kwa sababu vijijini hapakuwa na umeme. Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani lilisifu njia hiyo mbele ya mataifa yote. Kilichobuniwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme kimekuwa faraja kwa mtoto asiyestahimili mlio. Iko pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya uozo ili kuuzuia usiendelee. Nayo pamoja na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa mwaka wa 2021 katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika hilo. Kasoro yake ni kwamba huliacha lile tundu jeusi. Mimi nasema, afadhali jino jeusi lisilouma kuliko mtoto aliyebanwa na watu wanne.

Basi tunapokwenda kwa daktari tumwulize njia hizi. Tumweleze mapema mtoto alivyo. Tuombe saa ya asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mtoto avae miwani ya giza, atiwe pamba masikioni, na akubaliwe kuinua mkono kuwa ishara ya kusimamisha kazi. Na safari ya kwanza isiwe ya matibabu. Iwe ya kuona kiti tu na kurudi nyumbani. Mpwa wangu alikwenda safari tatu za namna hiyo. Safari ya nne alifungua kinywa.

Lile jino la pili halikuokoka. Liling'olewa, safari hii kwa ganzi na kwa ridhaa yake. Bado hasugui vizuri upande wa ndani juu. Bado usiku mwingine hukataa, nasi tukamwacha mpaka asubuhi. Lakini juzi alinijia na mswaki mkononi, akaniambia, "Mjomba, hesabu." Wenye kujua tulikotoka watafahamu kwa nini sikuweza kuhesabu mara moja.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Safari ile ya kwenda kuona kiti na kurudi ni nauli, ni kukosa kazi nusu siku, na pengine ni ada. Mama maskini hawezi kufanya safari tatu kwa ajili ya kitu kinachoonekana kuwa si kitu. Kwa hiyo hungoja mpaka jino liume, na hapo ndipo mtoto hushikwa kwa nguvu. Naomba katika fungu la wagonjwa mwaka ujao tutenge sehemu ndogo kwa safari hizi. Naomba pia akina mama wenye watoto wa namna hii waitwe wakutane, wapeane maarifa, maana kila mmoja hudhani yuko peke yake na huona haya kusema.

Najua atasimama mzee aseme kuwa chama hiki kiliundwa kwa ajili ya kuzikana na kusaidiana katika dhiki, wala si kwa ajili ya miswaki. Namjibu kwa heshima zote. Dhiki ya mtoto aliyebanwa akilia ni dhiki pia, ila yeye hana kadi ya uanachama wala hawezi kusimama hapa kujisemea. Ndiyo sababu nimesimama mimi, niliyekuwa mmoja wa waliombana.