Hodi, Foleni na Hesabu ya Tajiri: Mada Kuhusu Adabu ya Kila Siku

Mgeni anayejua adabu za pwani hafiki mlangoni akachungulia. Husimama kando kidogo, macho nje, akatoa sauti: "Hodi!" Ndani mambo huanza kwenda mbio. Mama anajifunga khanga, kijana anazoa nguo zilizorundikwa kwenye kochi, na waliokuwa wakizozana wanameza maneno yao. Hapo ndipo jibu linapotoka: "Karibu!" Lisipotoka, mgeni hurudia, na baada ya mara ya tatu hujiondokea bila kinyongo. Waislamu wanaujua utaratibu huo kutoka kwenye mafundisho ya dini yao, lakini hodi imekwisha kuvuka mipaka ya dini na ya pwani. Mkristo wa Songea naye hupiga hodi vilevile.

Mada hii inajenga hoja yake juu ya kile kitambo kifupi kati ya hodi na karibu. Adabu, kwa mtazamo huo, ni nafasi ambayo mtu anampa mwenzake: nafasi ya kujiandaa, ya kukataa, ya kutoaibika. Ikitazamwa hivyo, haiwi tena pambo la watu waliokosa kazi za kufanya. Vilevile inakuwa rahisi kuona kwa nini inastawi mahali fulani na kunyauka mahali pengine.

Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilijengwa kwa fikra hiyo hiyo. Nje ya mlango kuna baraza, kiti cha mawe kilichoshikamana na ukuta. Mwanamume aliyekuja kwa mazungumzo hupokelewa hapo, akanywa kahawa yake, na shughuli za ndani zikaendelea bila mtu kubughudhiwa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, hamali anayesukuma mkokoteni hupaza sauti, "Simile! Simile!", na wapita njia wakabana ukutani. Hawanuni, maana wameonywa kabla ya kukanyagwa. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Majengo yamepata ulinzi. Adabu iliyoamua baraza likae wapi haijawekewa kibao.

Tutoke huko twende stendi.

Konda wa daladala ndiye mtu anayelaumiwa kuliko wote jijini Dar es Salaam kwa kukosa adabu. Anasukuma, anafoka, anamwambia mama mwenye mzigo "Songa nyuma, gari bado tupu" wakati watu wamekwisha kuning'inia mlangoni. Mwanafunzi akiinua mkono, gari linapita. Semina nyingi zingemhubiria konda huyo kuhusu tabasamu. Ni afadhali zimuulize kwanza kuhusu hesabu. Dereva na konda wengi hawana mshahara wa mwezi. Jioni hupeleka kwa tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichopangwa, wakatoa fedha ya mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Mwanafunzi analipa nauli pungufu lakini anachukua nafasi ya mtu mzima. Mzee anayepanda polepole anakula dakika ambazo gari la nyuma litazitumia kuwahi abiria wa kituo kinachofuata. Konda hawezi kumpa mtu nafasi aliyokwisha kuiuza. Hilo halihalalishi tusi, ila linaonyesha tusi linakotoka.

Kenya ilijaribu njia ya sheria. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alilazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, akapiga marufuku abiria kusimama, na madereva na makondakta wakavaa sare. Kwa muda abiria wa Nairobi alikaa kwenye kiti chake kama binadamu. Kilichomrudishia heshima hapo hakikuwa mawaidha, ni kiti. Baadaye usimamizi ulipolegea, msukumano ulirudi. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016 yanatoa ushahidi wa upande wa pili. Humo nauli hulipwa kabla ya kupanda, kwa hiyo hakuna konda wa kulaumiwa. Lakini basi likichelewa, watu walioamkiana kwa shikamoo na marahaba majumbani mwao asubuhi ile ile wanapigana vikumbo mlangoni, na wengine wanapitia dirishani.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba wazee walikuwa na adabu na sisi tumeipoteza. Historia ya pwani hairuhusu. Katika utenzi wa wasia ambao Mwana Kupona binti Msham alimwachia binti yake katikati ya karne ya 19, mafunzo ya heshima na upole kwa watu yamo tele, na humo humo mna agizo la kutochangamana na watumwa ila wakati wa kazi. Uungwana wa zama hizo ulikuwa na ua, na wengi walikuwa nje yake. Hata mavazi yaliwekewa mipaka: mtumwa hakutarajiwa kuvaa kama bwana wake. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, watu waliokuwa watumwa walijitwalia mavazi ya heshima waliyokuwa wamenyimwa. Walielewa vizuri kwamba kuheshimiwa ni mali.

Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilieneza neno "ndugu" kwa mkubwa na mdogo, kisha "mheshimiwa" akarudi kwa kishindo siasa za vyama vingi ziliporejea. Ni nani anayeamkia kwanza, na nani anayesubiri kuamkiwa, bado ni swali la madaraka. Ndiyo maana mada hii haina budi kuitilia shaka kauli "huyu mtoto hana adabu". Mara nyingine mtoto amepita mbele ya wageni bila kuamkia, na anastahili kukumbushwa. Mara nyingine ameuliza tu mjomba amepeleka wapi fedha za ada. Adabu inayompa nafasi mkubwa peke yake, ikamziba mdogo mdomo, imegeuka kuwa kificho, na walimu na wazazi wangefanya vyema kutenganisha mambo hayo mawili mbele ya watoto wenyewe.

Simu imeleta mlango mpya ambao watu wengi wanauvamia bila hodi. Inaita saa tano usiku, namba ngeni, anayepokea anauliza, "Nani mwenzangu?" Jibu: "Mimi." Zamani aliyebisha mlangoni akajibu hivyo aliambiwa ataje jina, na hakuna sababu simu isamehewe. Vijana, wanaosemwa sana kwa utovu wa adabu, wamejitungia hodi yao: ujumbe mfupi wa "Uko huru nikupigie?" kabla ya kupiga. Wakubwa wao ndio wanaopokea simu katikati ya mazishi.

Kwa wasimamizi wa zahanati, benki na ofisi za serikali za mitaa, pendekezo la mada hii ni la gharama ndogo. Bango la "Mteja ni Mfalme" literemshwe, na pesa yake inunue viti na vikadi vya namba. Muuguzi anayezungukwa na wagonjwa ishirini mezani, kila mmoja akisukuma daftari lake mbele, hana pa kusemea "pole, mama, umeanza kuumwa lini?" Foleni ikishakaa sawa, ndipo msimamizi apate haki ya kumuuliza mtumishi aliyefoka kwa nini amefoka.